Sura ya Sita: Muflisi na Daftari Lake

Hakuna soko lililowahi kusimama kwa fedha taslimu peke yake. Mwenye duka huchukua bidhaa kwa ahadi, mkulima huweka rehani zao ambalo bado halijachanua, mwalimu hupata mkopo wa chama cha akiba kwa udhamini wa wenzake, na kijana wa mjini hukopa kwa simu usiku fedha ya kulipa mkopo alioukopa kwa simu asubuhi. Maadamu malipo yanafika kwa wakati wake, imani hii baina ya watu ni neema; lakini siku yanapokatika, mdeni hujikuta mbele ya njia mbili ambazo desturi imemzoeza, kujificha au kukimbia, na ni nadra kuambiwa kwamba ipo ya tatu, nayo ni kwenda mwenyewe mahakamani, kukiri kwa kiapo kwamba mali yake haitoshi kulipa madeni yake, na kuomba sheria isimame kati yake na wale wanaomwia.

Sura hii inahusu njia hiyo ya tatu kama ilivyo katika Jamhuri ya Kenya. Msomaji anaweza kuwa na haja nayo kwa sababu mbili. Pengine anataka kujua kama mtu anayetaka kushirikiana naye katika biashara, au kumkopesha, au kumuuzia nyumba, amewahi kutangazwa kuwa muflisi; au pengine yeye mwenyewe ndiye aliyeelemewa na anataka kujua mlango uko wapi. Haja hizi mbili zaonekana kuwa mbali, na watu wawili hao huenda wasipendane wakikutana, lakini zimefungwa katika kanuni moja: sheria humpa mdeni hifadhi, na bei ya hifadhi hiyo ni uwazi. Daftari lililo wazi kwa mtafutaji ndilo lile lile lililomwokoa aliyeandikwa ndani yake.

Asili ya hukumu hii

Kabla Mwingereza hajaleta mahakama zake pwani, makadhi wa madhehebu ya Shafii walikuwa na hukumu zao juu ya jambo hili. Mtu ambaye madeni yake yaliyofika muda yamezidi mali yake, na wawia wakaomba, kadhi alimwekea hajiri, akamzuia kuitumia mali hiyo apendavyo. Na ilipendekezwa hali yake itangazwe ili watu wasije wakaamiliana naye kwa kutojua. Mali iliuzwa na thamani yake ikagawiwa wawia kwa kadiri ya haki zao, muflisi akiachiwa mavazi yake na chakula chake na cha wale wanaomtegemea. Na muuzaji aliyeikuta bidhaa yake ingali ile ile mikononi mwa muflisi alikuwa na haki nayo kuliko wengine. Aliyethibitika kuwa hana kitu hakuteswa wala kufungwa, bali alipewa muhula mpaka apate wasaa, kama ilivyoagizwa katika sura ya Bakara. Misingi mingi mikuu ya sheria za leo imo humo: kumzuia, kutangaza, kugawa kwa uadilifu, kumbakishia cha kuishi, na kumpa muhula.

Uingereza ilifika mahali hapo kwa safari ndefu na yenye ukatili. Sheria yake ya kwanza, ya mwaka 1542 katika enzi ya mfalme Henry wa Nane, ilimhesabu aliyefilisika kuwa mkosaji. Na haikuwa mpaka 1705, zama za malkia Anne, ndipo aliyetoa mali yake yote kwa unyofu alipoweza kusamehewa deni lililobaki, na hata hapo aliyeificha mali kwa hila aliweza kunyongwa. Mwaka 1883 iliundwa kazi ya mtumishi wa serikali wa kupokea na kusimamia mali za waliofilisika, ili jambo lisiachwe mikononi mwa wawia wenye nguvu. Na sheria ya 1914, iliyokusanya hayo yote, ndiyo iliyokuwa kielelezo cha zile zilizotungwa kwa ajili ya makoloni. Kenya ilipata yake mwaka 1930, ikaitumia katika ukoloni na katika uhuru, hadi ilipofutwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015.

Si kila msiba wa madeni unaotibika kwa kumshughulikia mtu mmoja mmoja. Bei ya karafuu ilipoanguka Unguja na Pemba katika miaka ya 1930, wenye mashamba wengi walijikuta wamefungika kwa rehani walizoweka kwa wakopeshaji wa Kihindi, na serikali ya himaya, ikihofu kwamba mashamba yangehama mikono kwa wingi, ilitoa amri mwaka 1934 za kuzuia uhamishaji wa ardhi na kusimamisha madai. Ugomvi uliofuata kati ya serikali na wafanya biashara uliendelea hadi mgomo wa karafuu wa 1937 na 1938. Hapo tiba ilikuwa ya siasa. Sheria ya ufilisi yenyewe ni ya mtu na hesabu yake.

Kumbukumbu zapatikana wapi

Mtafutaji wa kumbukumbu aanze kwa kutenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuorodheshwa na mashirika ya kumbukumbu za mikopo, ambako vijana wamekuita kuwekwa CRB, si kufilisika. Mtu aliyechelewesha mkopo mdogo wa simu anaweza kuwa katika orodha hiyo pasipo hakimu yeyote kulisikia jina lake; na taarifa hizo ni siri baina yake na wakopeshaji walioruhusiwa kuziona. Kufilisika ni hali ya kisheria inayoletwa na amri ya Mahakama Kuu, nayo hutangazwa kwa kusudi.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni ofisi ya Mpokezi Rasmi, ambaye ni mtumishi wa umma aliye chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, taasisi iliyoundwa mwaka 2015 na ambayo pia husajili makampuni na majina ya biashara. Sheria imemwamuru atunze madaftari ya wazi ya watu waliofilisika, wale ambao bado wamo katika hali hiyo na wale waliokwisha kuachiliwa, pamoja na walioingia katika njia nyingine nitakazozieleza chini. Mwenye haja huomba upekuzi rasmi, akataja jina kamili na nambari ya kitambulisho ya anayemtafuta, akalipa ada, akapewa majibu kwa maandishi. Hati hiyo ndiyo ya kutegemewa kuliko neno la jirani, na ndiyo ile ambayo mwajiri au mnunuzi mwangalifu hupenda kuiona.

Mahali pa pili ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa na ambalo limekuwa likitolewa tangu 1899, lilipokuwa gazeti la himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Ndani yake, baina ya ilani za mirathi na za hati za ardhi zilizopotea, zimo ilani za amri za kufilisika, za mikutano ya wawia, na za kuachiliwa. Nakala nyingi zimewekwa katika intaneti na zinaweza kupekuliwa kwa jina, jambo ambalo limemwondolea mtafutaji taabu ya kufunua majuzuu katika maktaba. Anayechunguza historia ya familia au ya mtaa wa wafanya biashara atakuta humo hazina: majina ya maduka, kazi za watu na mahali walipokaa, katika miji iliyobadilika mno tangu siku zile.

Mahali pa tatu ni masjala ya Mahakama Kuu ambako shauri lilifunguliwa, kama vile Milimani kwa mashauri mengi ya Nairobi, au Mombasa kwa watu wa pwani. Gazeti hutoa ilani, lakini faili ndilo lenye kisa: kiapo cha mdeni, orodha ya wawia, upinzani wao na sababu za jaji. Aliye mbali na masjala anaweza kusoma maamuzi mengi bila malipo katika mkusanyo wa Baraza la Taifa la Uchapishaji wa Maamuzi ya Sheria, linalojulikana kwa jina la Kenya Law. Lakini asidhani kwamba kukosekana kwa jina humo ni ushahidi wa kutofilisika, kwa sababu amri isiyopingwa mara nyingi huwa haina hukumu ndefu ya kuchapishwa.

Katika kusoma kumbukumbu hizi pana mitego miwili. Wa kwanza ni wa majina, kwa kuwa katika nchi ambamo mamia huitwa Mohamed Ali au Mary Wanjiku, kulikuta jina si kumkuta mtu. Lazima nambari ya kitambulisho, kazi, makazi na tarehe viafikiane. Mtego wa pili ni wa wakati. Ilani iliyochapwa haifutiki, ilhali amri yenyewe inaweza kubatilishwa na mahakama ikiwa madeni yamelipwa yote au ikidhihirika kwamba haikustahili kutolewa, na mtu anaweza kuwa ameachiliwa zamani. Mtafutaji asiyefuata habari hadi mwisho wake hatakuwa amepata ukweli, bali nusu yake, na nusu ya ukweli juu ya heshima ya mtu haiko mbali na uzushi.

Namna ya kuomba

Mlango wa kufilisika una pande mbili. Mwia anaweza kumwombea mdeni wake amri hiyo ikiwa deni limefikia kiwango kilichowekwa na kanuni, ambacho ni shilingi 250,000, na kwa kawaida hutanguliza hati ya madai ya kisheria inayompa mdeni siku 21 za kulipa, kuafikiana naye, au kwenda mahakamani kuomba hati hiyo itenguliwe. Hati hiyo si barua ya vitisho ya kutupwa kapuni. Siku zake zikipita kimya, kimya hicho huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mdeni hawezi kulipa. Wengi wamefikishwa katika ufilisi kwa kutofungua bahasha.

Upande wa pili ni wa mdeni mwenyewe, nao ndio unaotuhusu zaidi. Sababu anayoitoa mbele ya Mahakama Kuu ni moja tu, kwamba hawezi kulipa madeni yake. Lakini sababu hiyo haikubaliwi kwa maneno matupu, bali lazima ombi lifuatane na taarifa ya hali yake ya mali, iliyothibitishwa kwa kiapo. Kwa hiyo kazi kubwa ya ombi hili hufanyika nyumbani, kabla ya wakili na kabla ya masjala. Aketi na kuandika kila anayemwia, jina na anwani, asili ya deni, kiasi kilichobaki na riba yake, na kama lina rehani au mdhamini. Kisha aandike kila alicho nacho: kiwanja, hata kile kilichoandikwa kwa jina la pamoja na ndugu, gari, mifugo, hisa za chama, akiba ya benki na ya simu, madeni ambayo yeye anawawia wengine, halafu mapato yake ya mwezi na matumizi ya lazima ya nyumba. Mwisho aandike mali aliyoiuza au kuitoa hiba katika miaka iliyotangulia, kwa sababu sheria inayo nguvu ya kuirudisha ile iliyohamishwa kwa hila, na shamba alilompa shemeji mwaka jana litaulizwa.

Hapa ndipo unyofu wa mwombaji unapopimwa. Majaji wa Kenya wameyakataa maombi ya watu waliokimbilia ufilisi mara tu baada ya kushindwa katika kesi, mali yao haijulikani iliko na hesabu zao zina mapengo, wakisema kwamba sheria hii haikutungwa iwe maficho ya kumkwepa mwia mmoja. Aliyeandika kila kitu, hata kile kinachomwaibisha, husimama mbele ya jaji na hoja. Aliyeficha kimoja hutia shaka katika vyote. Na iwapo jaji ataona kwamba mapatano na wawia yangeweza kufaa kuliko kufilisiwa, anaweza kuagiza jambo hilo lichunguzwe kwanza.

Amri ikitolewa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mali ya muflisi hutoka mikononi mwake na kuingia katika usimamizi wa Mpokezi Rasmi au mdhamini wa ufilisi aliyeteuliwa. Na wawia wasio na rehani huzuiwa kuanzisha au kuendeleza mashtaka yao dhidi yake pasipo idhini ya mahakama. Dalali hana tena ruhusa ya kuja kubeba kabati kwa ajili ya mwia huyu leo na jokofu kwa ajili ya yule kesho. Wote huelekezwa mahali pamoja, wathibitishe madai yao, wakutane, na kugawiwa kwa taratibu ya vipaumbele iliyowekwa. Muflisi hubakishiwa vyombo vya kazi yake na vitu vya lazima vya nyumbani, kwa kipimo cha sheria. Hata hivyo mwenye rehani ana haki yake mbali: benki iliyoshika hati ya nyumba haizuiwi na ufilisi kuiuza nyumba hiyo.

Njia zilizo fupi zaidi

Sheria ya 2015 haikuishia katika kufilisi. Mwenye mapato ya kuaminika anaweza kuomba amri ya muda ya kuwazuia wawia, huku msimamizi akiwapelekea mpango wa hiari, kwa mfano wa kulipwa sehemu ya deni katika muda wa miaka kadhaa; wakiukubali kwa wingi unaotakiwa na mahakama ikauidhinisha, unawafunga hata waliokataa. Mwenye madeni madogo anaweza kupata amri ya kulipa kwa mafungu. Na yule asiye na kitu cha kuuza wala cha kulipa amewekewa njia ya wasio na mali: ikiwa jumla ya madeni yake si chini ya shilingi 100,000 wala si zaidi ya 4,000,000, hajawahi kufilisika wala kuipitia njia hiyo, na hesabu ya mapato yake yaonyesha kwamba hana uwezo, ataomba kwa Mpokezi Rasmi badala ya mahakama; akikubaliwa, wawia hawatamdai, na baada ya miezi 12 ataachiliwa. Kwa mchuuzi aliyeunguliwa na kibanda, au mtumishi aliyefutwa kazi akiwa na mikopo ya simu na ya chama, njia hii ndiyo ya kuuliziwa kwanza, nayo ndiyo isiyojulikana kabisa vijijini na mitaani.

Baada ya amri

Aliyefilisika kwa amri ya mahakama huachiliwa, kwa kawaida, miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake kwa Mpokezi Rasmi, isipokuwa Mpokezi huyo au mwia akipinga kwa sababu zenye uzito. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa kutoka siku ya kuwasilisha taarifa, si siku ya amri. Basi anayechelewesha makaratasi hurefusha kifungo chake mwenyewe. Katika muda huo hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa, mirathi itakayomfikia huingia katika fungu la wawia, na Katiba ya 2010, katika ibara za 99 na 193, humzuia asiyeachiliwa kuchaguliwa kuwa mbunge au mwakilishi wa wadi.

Kuachiliwa nako kuna mipaka. Deni lililozaliwa na udanganyifu au hiyana ya amana halifutiki, wala amri ya kulisha watoto haifutiki. La muhimu zaidi kwa desturi zetu, mdhamini habanduki: mwalimu aliyemdhamini mwenziwe katika chama cha akiba atadaiwa fungu lake hata baada ya mwenziwe kuachiliwa. Kwa hiyo mdeni mwenye insafu, kabla ya kupeleka ombi, huwaita wadhamini wake na kuwaambia, kwa sababu watakuwa wa kwanza kubishiwa hodi.

Msomaji wa Tanzania Bara asiondoke na vifungu hivi kana kwamba ni vyake. Huko sheria ya kufilisika ina mizizi katika ile ya Tanganyika ya mwaka 1930, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na ofisi ya kuulizia ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa 2006. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake.

Katika jamii zetu aibu ya kufilisika imekuwa kubwa kuliko aibu ya kukopa bila nia ya kulipa, na hilo ni kinyume cha haki. Aliyekwenda mahakamani akaorodhesha kila senti anayowiwa, akaacha mali yake igawanywe mbele ya macho ya watu, amewaheshimu wawia wake kuliko yule anayebadilisha nambari ya simu na kuhamia mji mwingine, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Anayelipekua daftari na akalikuta jina la mtu atazame tarehe ya kuachiliwa, aulize alivyoishi na kulipa tangu hapo, na kwa hayo ndiyo aamue kama atamwamini. Na anayesita kuandika jina lake humo ajue kwamba taarifa iliyokamilika na ya kweli, ikiwasilishwa mapema, ndiyo sehemu kubwa ya tiba, na kwamba kila mwezi wa kujificha humwongezea riba ambayo hakuna sheria itakayomrudishia.